Mawaridi ya Bwana Hamisi na Sufuria za Ujiji

Magoti yangu yaliacha kazi kabla yangu. La kushoto lilianza mgomo mwaka jana, la kulia likamuunga mkono mwenzake, na mwezi uliopita nikakubali kwamba mtunza bustani asiyeweza kuchuchumaa ni mtazamaji wa bustani tu. Mkasi nimeukabidhi. Vijana wawili walioupokea waliniomba niwaandikie namna ya kuyatengeneza mawaridi kiangazi kinapoelekea kwisha, ili yachanue mvua za kwanza zinapokaribia. Waliomba ukurasa mmoja. Lakini nusu ya ninayoyajua niliyajua kwa kukosea, na makosa yangu hayaenei kwenye ukurasa mmoja.

Vyeo sitavizungumzia. Bustani nzima ilikuwa na mfanyakazi mmoja, kwa hiyo nilikuwa mkuu na pia msaidizi wa mkuu, na mara nyingi hatukuelewana. Mshahara nao tuuache ulivyokuwa, kimya.

Shule niliiachia darasa la tano, kwetu Simbo. Sikukosa akili, nilizidisha maswali. Mwalimu alitufundisha kwamba Ziwa Tanganyika lina kina kirefu ajabu, nikamuuliza nani alishuka kupima na alipumua vipi. Nikachapwa. Kesho yake nikauliza tena, kwa sababu viboko havikuwa jibu. Baadaye nikaona niende nikawaulize watu wengine. Nilikamua mawese, nilifyatua matofali Kidahwe, nilibeba mizigo bandarini Kigoma, nilitengeneza karabai za wavuvi wa dagaa pale Kibirizi. Mwaka mmoja nilikuwa msaidizi wa fundi saa, mpaka alipogundua kwamba nafungua hata saa za wateja ambazo hazijaharibika. Hakuna mahali nilipomaliza mwaka na nusu. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, siku ya pili naulizia njia.

Ndivyo nilivyofika Bangwe, kwenye nyumba ya wageni inayotazama ziwa. Mwenye nyumba alikuwa mjane, Mama Nuru, mwanamke mpole wa sauti na mkali wa macho. Alinipokea mlangoni, akaitazama mikono yangu kwanza, kisha uso.

"Unayajua mawaridi?"

"Nayajua, mama."

Nilikuwa nayajua kutoka kwenye karatasi ya sabuni.

Akanionyesha. Kutoka mlango wa nyumba yake hadi geti palikuwa na njia ya mawe, na kila upande mashina ya waridi, jumla thelathini na moja. Yalikuwa yamenipita urefu. Chini yalikuwa kuni, juu yalikuwa nywele zisizochanwa, na majani yaliyobaki yalikuwa ya njano yenye utando mdogo kama wa buibui. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kimekausha hata matope ya mto. Maua niliyahesabu: mawili, moja likiwa limekwisha kufa.

"Aliyapanda marehemu mume wangu, Bwana Hamisi," akasema Mama Nuru. "Mwaka wa pili huu tangu atutoke. Mwanangu Nuru anaolewa Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani, anakwenda Kasulu kwa mumewe. Ameniomba kitu kimoja tu. Siku hiyo akitoka ndani, apite katikati ya mawaridi ya baba yake yakiwa yamechanua. Wiki kumi na mbili zimebaki. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Lakini usikate hata tawi moja. Mikono ya marehemu ilipita pale. Hapakatwi."

Nilikubali kwa moyo mweupe. Mtu asiyejua kazi hufurahi sana akikatazwa sehemu ngumu ya kazi.

Wiki mbili za kwanza nilimwagilia tu, asubuhi na jioni, maji ya ziwa yaliyovutwa na pampu. Majani yakazidi kuwa ya njano. Nikaongeza maji. Yakaongeza njano. Nikaanza kufanya nilichokijua, yaani kuchunguza. Jikoni nikaona birika la wageni lina utando mweupe mgumu ndani, kama chokaa. Mpishi akaniambia maji ya ziwa ndivyo yalivyo, na sabuni haitoi povu vizuri ndani yake. Nikajiuliza: kama yanafanya hivi kwa birika la chuma, waridi linafanywaje? Nikagawa njia. Upande wa kulia niliuachia maji ya ziwa, upande wa kushoto nikabeba ndoo kutoka kisimani, juu ya kilima. Siku kumi na mbili baadaye upande wa kushoto ulikuwa unatoa vijani vya kijani kibichi. Basi hilo ni la kwanza: maji ya ziwa ni mazuri kwa dagaa. Mawaridi yapeni ya kisima au ya mvua, asubuhi tu, chini kwenye shina, mengi kila baada ya siku chache badala ya kidogo kila siku. Jioni yakilala na majani yenye maji, mtaamka na madoa meusi.

Lakini majani si maua, na hata mimi niliona kwamba nguvu yote ilikuwa inakwenda kule juu kwenye vifimbo vyembamba. Hapo ndipo alipofika Bi Tatu.

Bi Tatu alikuwa dada wa Bwana Hamisi, shangazi wa bibi harusi na wifi wa Mama Nuru, na vyeo vyote vitatu alivifanyia kazi kwa bidii. Aliishi Buzebazeba. Alikuja na kanga mbili, mwavuli wa jua, na sauti iliyotangulia getini.

"Wifi! Hii ni njia ya bibi harusi au zizi la mbuzi?"

"Karibu, wifi. Ni mawaridi ya marehemu."

"Naona. Kwa nini hayajakatwa?"

"Hayakatwi. Aliyapanda kwa mkono wake."

"Na aliyakata kwa mkono wake! Kila mwaka, kiangazi kikiwa kinakata roho. Umelala naye miaka ishirini na nane hujaona?"

"Sijawahi kumwona akikata."

"Utamwonaje? Alikuwa anakata akitoka swala ya alfajiri. Saa ile wewe hata jina lako hulijui."

Mama Nuru akanigeukia mimi kwa macho, kana kwamba ndimi niliyesema. Kisha akaingia ndani. Bi Tatu akafunga mwavuli, akanielekezea ncha yake.

"Na wewe ndiye mtaalamu?"

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba. Waridi lina macho, unajua?"

"Najua."

"Nionyeshe moja."

Nikainama, nikatafuta kwa utulivu wa mtu anayejua, nikagusa.

"Hilo ni mwiba," akasema.

Nikagusa pengine.

"Huo ni mwiba mwingine. Kwenu wapi?"

"Simbo."

"Simbo! Wifi yangu kaenda kuchukua mkulima wa mihogo." Akatazama mlangoni, akashusha sauti. "Nitakufundisha. Si kwa ajili yako, usijisikie. Mtoto yule alimzika baba yake akiwa na homa, hakumuaga vizuri. Njia hii ndiyo kuaga kwake. Ukiiharibu, nitakufuata mpaka Simbo."

Kumbe mlangoni kulikuwa na masikio. Mama Nuru akatoka amebeba kitu kilichofungwa ndani ya shati la mwanamume. Akakifungua: mkasi wa kupogolea, mishikio ya mbao iliyong'aa kwa mkono, umepakwa mafuta.

"Niliukuta chini ya godoro upande wake," akasema. "Nilidhani ni kwa ajili ya wezi."

Bi Tatu akaupokea, akaufuta kwa ncha ya kanga, akaniwekea mkononi.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Siku moja kabla ya kukata, mwagilia mpaka udongo ushibe, kwa maana shina lenye kiu halistahimili kidonda. Anza na kilichokufa. Ukikwaruza gome na chini yake pana kahawia, kata mpaka ufikie penye kijani. Kisha matawi yanayosuguana, ondoa lililo dhaifu. Kisha vyote vyembamba kuliko penseli. Ndipo upunguze urefu, theluthi moja tu. Kiangazi kimeshautesa mti, usije nawe ukamalizia. Ukikata mpaka chini, jua la Kigoma linababua shina lililobaki uchi. Jicho ni kile kivimbe kidogo kilichojificha pale jani linaposhikana na tawi. Chagua linalotazama nje, kata juu yake kidogo, mshazari, maji yateremke upande wa pili. Jicho linalotazama ndani litakuletea tawi la ndani, na mwaka ujao utalikata tena ukilitukana.

Bi Tatu alinifundisha hayo yote akiwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwavuli, bila kugusa tawi. Glovu hatukuwa nazo. Nilikata miguu ya suruali kuukuu ya jinzi, nikaivaa mikononi mpaka kwenye viwiko.

"Kutoka leo hesabu wiki saba," akasema nilipomaliza shina la mwisho siku ya pili. "Utaona maua wiki ya saba, inshallah."

Wiki saba na siku mbili ndizo zilizokuwa zimebaki. Mama Nuru alitazama vile vijiti vilivyobaki, akaweka mkono kifuani, akaingia ndani, na kwa siku tatu alitumia mlango wa nyuma. Mgeni mmoja aliuliza kama nzige walipita.

Bi Tatu hakuwa sahihi katika kila jambo, na hili mlijue, kwa sababu mwalimu mzuri pia anakosea. Aliniambia niweke majivu. Niliyaweka kwenye mashina manne, yakageuka njano kuliko siku za maji ya ziwa, nikachota majivu yote na kuyatupa. Aliponiuliza nilimwambia upepo umeyachukua. Akaniambia pia kwamba kaka yake alikuwa akiyalisha taka za dagaa. Hilo lilikuwa kweli. Ila hakuniambia kwamba kaka yake aliziozesha kwanza kwenye shimo miezi mitatu.

Nilikwenda Kibirizi, nikazoa magunia mawili ya yale yanayobaki chini baada ya dagaa kuanuliwa, vichwa, vumbi na vilivyokanyagwa. Nikayamwaga kwenye mashina asubuhi, nikayafunika na udongo kidogo, nikaenda kunywa chai nikijipongeza. Niliporudi paka walikuwa kumi na mmoja. Sijui walitoka wapi. Bangwe nzima haikuwa na paka kumi na mmoja. Walikuwa wamegawana mashina kama watu waliogawiwa viwanja, kila mmoja anachimba pake. Juu ya paa kunguru wakingoja zamu. Nilipowafukuza upande wa kulia walihamia kushoto. Mama Nuru akachungulia dirishani.

"Zakaria, hao nao umewaajiri?"

Kilichoniokoa ni yale matawi niliyoyakata. Nilikuwa nimeyarundika nyuma ya jiko nikingoja kuyachoma. Nikachimbia dagaa chini zaidi, nikaweka samadi ya mbuzi iliyokauka juu, kisha nikatandaza matawi ya miiba kuzunguka kila shina. Paka wa kwanza alikanyaga, akainua mguu, akautazama, akanitazama mimi. Jioni hapakuwa na paka. Mpaka leo silichomi tawi la waridi kabla sijaweka mbolea, na wala nyinyi msichome.

Wiki ya tatu macho yalifumbuka, mekundu kama fizi za mtoto. Wiki ya tano kila ncha ilikuwa na tumba dogo gumu. Nuru mwenyewe, msichana mrefu aliyekuwa akifundisha shule ya msingi, alianza kupita njiani kila asubuhi akiyahesabu matumba kwa kidole. Siku moja alifika mia mbili na kitu, akacheka peke yake, akaenda kazini. Mimi nilikuwa nimeshajua mawaridi yanavyofanya kazi, au ndivyo nilivyodhani, na tayari nilikuwa nimeulizia magari ya Kibondo. Nilingoja ile Ijumaa tu.

Ndipo zilipoingia sufuria.

Mnaotoka Ujiji mnajua: kabla ya Ramadhani kila mwenye posa anataka kumaliza shughuli yake. Ijumaa ile ya mwisho kulikuwa na harusi saba. Mpishi wa pilau ambaye watu wa Ujiji wanamwamini alikuwa mmoja, na sufuria zake kubwa nne zilishaahidiwa mpaka ya mwisho. Bi Tatu alikuja na habari hiyo akiwa amefunga kanga kiunoni.

"Tumepata sufuria Ijumaa ya kabla yake. Tumerudisha harusi nyuma siku saba."

"Bi Tatu," nikasema, "mawaridi hayajui."

"Yaambie."

"Wewe mwenyewe ulisema wiki saba!"

"Nilisema, na bado ni saba. Sasa niambie, watu mia tatu watakula matumba?"

"Wifi," akasema Mama Nuru, "si tupike kwa sufuria ndogo nyingi?"

"Pilau ya sufuria ndogo! Wifi, unamwoza mwanao au unamfanyia kisomo cha matanga?"

Nuru alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Sawa, Shangazi," kwa sauti ndogo, akaenda chumbani.

Nilikuwa na siku tano za kuyahimiza mawaridi, na nilijaribu kila kitu. Nilimwagilia maji yaliyoota jua. Nilipunguza majani yaliyotia kivuli kwenye matumba. Mwisho nikakumbuka joto la mabati, nikaazima sita kwa jirani anayejenga, nikayasimamisha nyuma ya mashina ya geti ili yarudishe jua. Yalirudisha. Siku ya pili mchana matumba ya shina moja yalikuwa yamekauka kama chai. Bi Tatu akapita, akanusa.

"Unachoma au unapika?"

Nikayarudisha mabati. Andikeni hili popote mtakapoliona: waridi halihimizwi. Kinachofanya kazi mlishakifanya au hamkukifanya siku ya mkasi.

Ijumaa ilifika. Ndoa ilifungwa baada ya swala, pilau ililiwa, na siwezi kusema uongo, ilikuwa pilau ya kukumbukwa. Alasiri wakamtoa bibi harusi. Nilijibanza karibu na geti na ndoo tupu mkononi, maana mtu mwenye ndoo haulizwi anafanya nini. Njia nzima ilikuwa ya kijani. Matumba mia tatu na zaidi, mengine yameanza kuonyesha mstari mwembamba mwekundu, hakuna hata moja lililofunguka. Siku sita au saba tu. Mama Nuru alikuwa analia kabla hata ya kushuka ngazi. Bi Tatu alipiga kigelegele, lakini kilikatika katikati.

Nuru akasimama pale mawe yanapoanzia. Akatazama kulia, akatazama kushoto, mpaka getini. Nikaanza kuhesabu hatua za kutokea nyuma ya jiko. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika ndani ya buibui, nikadhani analia naye, kumbe anacheka.

"Mama," akasema, "si ndiye Baba huyu? Alichelewa mahafali yangu. Alichelewa posa ya dada Mwanaidi. Harusi yake mwenyewe, mlimngoja mpaka saa ngapi?"

"Mpaka magharibi!" akasema Bi Tatu. "Alikwenda kununua kofia!"

"Basi anakuja," Nuru akasema. "Twendeni."

Akapita taratibu, kidole kikigusa tumba moja moja kama alivyokuwa akihesabu, na safari hii kigelegele cha Bi Tatu kilifika mwisho.

Alhamisi iliyofuata yakafunguka. Yote kwa asubuhi moja, nadhani, au labda mimi ndiye niliyechelewa kuamka. Mekundu, ya waridi, na shina moja jeupe ambalo hata Mama Nuru alikuwa amelisahau. Mama Nuru alisimama mlangoni na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa. Kisha akaniambia, "Mpelekee."

Niliyakata kesho yake asubuhi na mapema kabla ya jua kuyachosha, yale yaliyofunguka nusu, mashina marefu, nikayatumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kisima mpaka shingoni. Mfuko wangu wa nguo nikauchukua pia. Kasulu ni njia ya Kibondo, na kazi ilikuwa imekwisha. Kwenye gari nilikaa na ndoo katikati ya magoti, yale magoti ya zamani yaliyotii, na tangu Kidahwe abiria waliniita bwana harusi.

Nuru alifungua mlango, akaona ndoo. Akaingiza uso wote ndani ya maua, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alikuwa na tone la maji puani.

"Amefika," akasema. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mwalimu, "Na yaliyobaki kule, yakinyauka nani atayakata?"

"Sijui."

"Shangazi anasema usipoliondoa lililonyauka, mti unadhani umemaliza kazi, hautoi mengine."

Hilo Bi Tatu hakuwahi kuniambia. Nikauliza linakatwa wapi hasa, Nuru akasema hajui, aulizwe Shangazi. Stendi ya Kasulu palikuwa na gari la Kibondo limewashwa, na utingo akauvuta mfuko wangu. Nikauvuta nami. Lilipoondoka nilikuwa bado chini, nikiwaza linakatwa wapi. Kwenye ua? Kwenye jani la kwanza? Na kama ni jani la kwanza, lenye vijani vitatu au vitano?

Nilirudi Bangwe kesho yake asubuhi. Mama Nuru alikuwa njiani, peke yake, amevaa miguu ya ile suruali yangu ya jinzi mikononi. Alikuwa ameushika mkasi wa mumewe kwa mikono miwili, ameinama kwenye shina la kwanza, anakata ua lililonyauka pamoja na nusu ya tawi.

"Hapo siyo, mama," nikamwambia.

Hakugeuka. Akasogea kidogo upande, nafasi ya mtu mmoja.

"Basi ni wapi?"

"Sijui bado."

"Weka mfuko chini," akasema, "tutafute."